Njia ya Kukwepa Migomba

Wiki iliyopita jirani yangu alikuwa akikatakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe wake, na upepo ukaniletea ile harufu hadi dirishani: mbichi, ya majimaji, yenye uchungu kwa mbali. Niliacha vyombo kwenye beseni nikasimama tu. Mliolelewa kwenye kibanja, yaani katikati ya migomba iliyoizunguka nyumba mpaka mlangoni, mnaijua harufu hiyo, na mnajua kwamba utomvu wake ukishaingia kwenye nguo sabuni zote za dukani hazifui dafu. Mimi niliwahi kuwa na gauni la kitenge lililopata madoa ya namna hiyo mabegani na kifuani. Mama alilisugua wiki nzima, kisha akaligeuza dekio. Leo nataka kuwasimulia siku lilipopata madoa yale.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikiishi na Bibi, mama yake baba, huko Nyabiyonza. Kibanja cha Bibi kilikuwa kinasifiwa mpaka kanisani. Migomba yake ya enchoncho, ile ndizi laini ya kupika, ilizaa mikungu ambayo mwanamume mzima aliibeba akiguna. Binti yake, Shangazi Leokadia, alikuwa ameolewa Kamuli. Kwetu binti haolewi akaenda na masufuria na mashuka peke yake. Mgomba wa nyumbani humfuata, na mama yake ndiye anayempelekea, ili binti ampikie mumewe chakula alichokulia yeye. Kwa hiyo kibanja cha Shangazi kilikuwa mtoto wa kibanja cha Bibi.

Kisha ukaja mnyauko. Mgomba ukiugua, majani yanageuka manjano yakiwa bado yamesimama, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, na ukizikata unakuta ndani zimeoza. Kibanja cha Shangazi kiliugua chote. Bwana shamba akaamuru kila kitu king'olewe na ardhi ipumzishwe. Wakang'oa. Miezi mingi wakakaa na nyumba iliyo uchi katikati ya shamba, wakila ugali kila siku kama wanafunzi wa bweni. Ardhi ilipokwisha kupumzika, Shangazi alimtumia Bibi ujumbe kwa mtu aliyekuja mnadani: "Mama, tuletee miche. Baba Devota anasema ikishindikana mara hii, tunahama." Baba Devota ndiye mumewe.

Bibi aliposikia neno kuhama aliinuka palepale. Alichukua jembe akaenda kuchagua miche.

Alichimba mitano. Kisu chake alikipitisha motoni kabla ya kila mche, mpaka kikawa cheusi kama chungu. Bwana shamba alikuwa amewafundisha kwamba ugonjwa unasafiri kwenye panga na visu: ukikata mgomba mgonjwa, kisha ukaukata mzima kwa chuma kilekile, umeshaua. Bibi alilishika somo hilo, halafu akaongeza ya kwake. Kwake yeye ugonjwa ulisafiri pia kwa pikipiki, kwa viatu na kwa wageni. Baba alipopendekeza miche ipelekwe kwa bodaboda, Bibi alimtazama kama aliyetukana altareni.

"Ile pikipiki imebeba ndizi za dunia nzima," alisema. "Na mimi nifunge miche ya mwanangu palepale? Waitu, jamani, mguu ninao. Nitakwenda na Kemi."

Kemi ni mimi. Hakuna aliyeniuliza.

Tuliondoka alfajiri, yeye na miche mitatu kichwani, mimi na miwili, kila mmoja na ngata yake ya majani makavu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Bibi hakukusudia kupita njia ya kawaida, ile inayokatiza vibanja vya watu. Tungepita juu, kwenye rweya, nyasi za mgongoni mwa vilima ambako hakuna anayelima. Fikirini kidogo. Katika wilaya zetu, kutafuta njia isiyo na migomba ni sawa na kutafuta njia isiyo na udongo. Kila tulipoona kijani cha kibanja mbele yetu, Bibi alikata kona na kupanda kilima. Nilihesabu vilima mpaka saba, nikakosa nguvu ya kuhesabu.

Miinuko ile haikuwa na huruma. Mawe madogo yaliteleza chini ya ndala zangu, nyasi zilinikata miguuni, na ulipofika juu ukidhani umemaliza, uliona mgongo mwingine umelala mbele. Lakini lazima niseme ukweli: ilikuwa nzuri. Ukungu ulikuwa mabondeni, umejaa kama maziwa kwenye kibuyu, na juu yake vilima vilijitokeza kimoja kimoja. Upepo ulinuka nyasi na kinyesi cha ng'ombe. Bibi alitembea bila kuyumba, shingo imenyooka, mkono mmoja kiunoni, akisali rozari kwa sauti ndogo na kukatiza sala ili kunionya nitazame ninapokanyaga.

Chakula kilikuwa viazi vitamu vya kuchemsha na karanga. Hata ndizi moja hakuibeba. Mtu wa kwetu akila bila ndizi, atakwambia hajala, na mimi kufikia saa nne nilikuwa tayari nimemnunia Bibi. Kibaya zaidi kilikuwa suala la salamu. Bibi alikuwa mtu wa heshima. Nyumbani mgeni hakutoka bila kutafuna punje za kahawa. Siku hiyo tulipita karibu na nyumba ya mwanamke waliyeimba naye kwaya. Mama yule alitoka mbio, amefurahi, akatukaribisha ndani. Bibi alisimama mbali, nje ya kibanja, akapaza sauti.

"Tusamehe, dada yangu. Leo hatuingii kwa mtu."

"Kwani nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nina miche ya binti yangu."

Mama yule alielewa, nadhani, lakini uso ulimwanguka. Akatuletea kahawa ya kutafuna palepale njiani, akaiweka kwenye kiganja cha Bibi na kurudi nyuma. Tulipokuwa tumefika mbali, Bibi alisema, "Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi mgeni anakuja na mwenyeji anaugua." Hakucheka, na mimi sikucheka.

Mchana jua lilisimama juu yetu na mzigo wangu ukaongezeka uzito, kama mzigo wowote unavyofanya mbebaji akichoka. Nililalamika. Nililalamika vizuri, kwa ustadi, maana nilikuwa na kipaji hicho. Bibi akajibu kila lalamiko kwa neno moja: "Tembea." Mwishowe maji yakatuishia. Kulikuwa na chemchemi chini bondeni, karibu na mafunjo. Bibi aliishusha miche yote mitano chini ya kivuli cha mti mmoja uliojiotea kwenye rweya, akaniambia niketi hapo. "Usiache mtu aiguse," akasema, akashuka na kidumu.

Hajafika mbali sana, mwanamke mmoja akatokea kwenye njia, mkungu wa ndizi kichwani, panga mkononi. Alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye jasho usoni. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, akashusha mkungu, akataka kujua natoka wapi, ni mtoto wa nani na nakwenda wapi. Kisha akaitazama miche yangu miwili, ambayo nilikuwa nimeivutia karibu na mimi.

"Hee, mtoto! Nani kakupa mzigo huu? Huku chini penye mizizi wameacha minyama yote hii ya nini? Lete nikupunguzie."

Ningeweza kusema hapana. Lakini wapi umeona mtoto wa miaka kumi na mmoja akimwambia mtu mzima hapana, tena mtu mzima anayemsaidia? Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ilikuwa sababu nzuri. Sababu ya kweli ni kwamba shingo ilikuwa inaniuma na nilitaka apunguze. Akachonga kwa lile panga, vipande vyeupe vikaruka, utomvu ukanirukia kwenye gauni. Alikuwa fundi. Kwa dakika chache miche yangu ikawa midogo, safi, mizuri kuliko ya Bibi. Akatikisa kichwa, akasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, akajitwika mkungu wake, akaenda zake akiwa amefurahi.

Ndipo nilipoliona panga lile kwa akili yangu: utomvu umekauka juu yake, tabaka juu ya tabaka. Lilikuwa limekata migomba ya nani asubuhi ile? Mizima au migonjwa? Sikujua, na mwanamke alikuwa ameshapotelea nyuma ya mwinuko. Niliogopa. Nikavificha vile vipande kwenye nyasi, nikachota udongo, nikatia mate, nikapaka kwenye sehemu nyeupe mpaka ikafanana na zamani.

Bibi aliporudi na maji sikusema. Tulipanda kilima kilichofuata, nikasema moyoni nitasema juu. Tulipofika juu nikasema nitasema chini. Mzigo ulikuwa mwepesi, na kila nilivyouhisi mwepesi ndivyo nilivyojichukia. Sikulalamika tena hata mara moja. Bibi alidhani nimekomaa, akanisifu: "Umeona? Mwili unazoea." Sifa ile iliniuma kuliko fimbo.

Tuliingia Kamuli jua likiwa limeshuka. Shangazi alitukimbilia akiwa na unga wa mahindi mikononi. Alikuwa amekonda. Nyumba yao ilionekana kwa mbali, wazi pande zote, jambo ambalo kwa macho yetu lilikuwa kama kumwona mtu mzima bila nguo. Baba Devota alikuwa ameshachimba mashimo matano na kuyajaza samadi. Bibi alikataa hata kuketi. Mche haulali nje ugenini, alisema. Upandwe kwanza, maji ya kunywa baadaye. Akapanda wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Shangazi alikuwa akiushindilia udongo kwa miguu, taratibu, na mtoto wao mdogo Devota akishangilia kila mche. Kisha Bibi akanyoosha mkono kwangu apokee wa nne.

Sikuutoa.

"Kemi?"

"Bibi, miche yangu isipandwe." Sauti yangu ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Kuna mama aliichonga kwa panga lake. Ulipokwenda chemchemi. Nikapaka udongo."

Shangazi aliacha kushindilia udongo. Bibi akaichukua miche, akaifuta udongo kwa kidole gumba, akaona.

"Panga la nani?"

"Simjui. Alikuwa na mkungu wa ndizi."

Baba Devota alikohoa. Alikuwa mtu mpole, aliyekwisha kula ugali mwingi. "Mama," alimwambia Bibi, "huenda panga lilikuwa zima. Migomba miwili ni miwili. Imetembea siku nzima hii."

Bibi aliipimapima miche mkononi. Nilimwona akitamani kukubali. Alikuwa amechoka, goti lake limevimba, na mashimo mawili yalikuwa yanamtazama. Kisha akanigeukia mimi, sio mkwewe, sio binti yake.

"Wewe uliliona panga. Ungekuwa wewe, ungepanda?"

"Hapana," nikasema, nikaanza kulia.

"Basi haipandwi."

Akaibeba mwenyewe mpaka kwenye mawe ya juu kilimani, mbali na shamba, akaikatakata ikaukie juani. Kisu akakipitisha motoni mara tatu. Shangazi akapanda maharage kwenye mashimo mawili. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenifokea, na nilitamani sana mtu anifokee. Kesho yake tuliporudi nyumbani Bibi hakusema lolote kuhusu jambo lile, na mimi nikaelewa kwamba amenifuta. Nililibeba wazo hilo miaka mingi: mimi ndiye mtoto aliyepoteza migomba miwili ya Shangazi. Kwenye misiba na harusi binamu zangu walinitania kwa hilo, nikacheka nao.

Akina Shangazi hawakuhama. Ile mitatu ilizaa, ikazaa tena, mpaka nyumba yao ikapotelea tena ndani ya migomba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa mnyauko ulipofika Nyabiyonza na kuingia kwetu. Sitaki kuwaelezea siku tulipong'oa kibanja cha Bibi. Ardhi ilipokwisha kupumzika, wazo likawa moja tu: miche itoke Kamuli. Baba na baba zangu wadogo walikaa sebuleni wakijadili nani aende. Mmoja alikuwa na pikipiki, mwingine alikuwa na gari la kuazima. Nilikuwa jikoni nikimenya viazi. Bibi, ambaye goti lilikuwa limeshamweka kitini, akawaacha waongee mpaka wachoke.

"Aende Kemi," akasema. "Kwa miguu."

Baba mdogo akacheka. "Kemi yupi, Mama? Yule aliyechongewa miche na panga la njiani?"

"Huyohuyo," Bibi akajibu. "Nyinyi mkikosea, mimi nitajua siku majani yatakapogeuka manjano."

Kisu kilinitoka mkononi. Kwa miaka minane nilikuwa nimeikumbuka jioni ile ya Kamuli kama siku nilipopoteza imani ya Bibi, kumbe ndiyo siku niliyoipata. Alikuwa ameiweka kimya, kama watu wake walivyozoea kuweka vitu, akingoja siku ya kuitumia.

Nilikwenda peke yangu, kwa njia ya juu, nikikwepa vibanja vyote. Wakati wa kurudi, miche minne kichwani na shingo ikiniuma vilevile, nilisimama juu ya mwinuko mmoja nikalia kidogo kwa furaha. Kisha nikaongeza mwendo, maana Bibi alikuwa ameketi mlangoni tangu asubuhi na mashimo yalikuwa tayari.