Pombe Aliyoiacha Mama

Mama yangu aliacha pombe mbele ya kanisa zima kule Bahi, na hajawahi kuionja maishani mwake.

Mikono yake ilikuwa imeanza kurukaruka yenyewe, na miguu inakwenda upogo, wazee wa kanisa wakakata shauri kwamba anapiga mtindi. Wakamsimamisha ushirika. Mama ana mzaha usiochagua mahali: Jumapili moja akasimama, akatubu, akaahidi kuacha. Akapigiwa vigelegele. Juma lililofuata mikono ikaendelea vilevile, wakasema amerudia.

“Jamani,” akaniambia kwenye simu, “hata kuacha pombe nisiyokunywa kumenishinda!”

Nilicheka, kisha nikakasirika hadi nikashindwa kula. Nikamleta kwangu mjini, Ipagala, nikampeleka hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo, akamwamkia mama shikamoo kabla ya kumgusa. Majibu ya damu yalipotoka, akatueleza kwamba protini hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, vinavyoungwa kimoja baada ya kingine. Kwenye protini moja, kipande cha aina moja hurudiwa mara kadhaa kwa kila binadamu, na hakuna ubaya. Kwa mama kimerudiwa kupita kiasi. Protini haikunjiki inavyotakiwa, na seli za ubongo zinazoongoza mwendo wa viungo zinaumia polepole.

“Kama kwaya yetu,” mama akasema. “Wakishika kiitikio hawaachii.”

Daktari akacheka mpaka akavua miwani.

Nikampigia mchungaji, nikamweleza yote kwa sauti ambayo sijivunii. Akaja mwenyewe kutoka Bahi kuomba radhi. Mama akamjibu kwamba kwa kuwa pombe ameshaitubia, anadai angalau aionje. Mchungaji hakujua aangalie wapi.

Alipoondoka, mama akaniuliza hayo marudio aliyapata wapi. Nikasema kwa mzazi wake mmoja, maana ni ya kurithi.

“Na wewe?”

Hilo ndilo nililokuwa nimemficha tangu daktari aliponieleza kando. Mtoto huweza kuyarithi au kuyakosa, nusu kwa nusu, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Nikamwambia sijapima. Naogopa.

Kwa mara ya kwanza hakutania. Akaniagiza nijaze kikombe chai mpaka juu, nisimame mbele yake, nikishike kwa mkono mmoja. Mkono wangu haukutikisika hata kidogo, lakini mama hakuniruhusu kukiweka chini mpaka chai ikapoa.