Mwezi wa Mzinga na Nguo

Kwetu, ukitaka kumchokoza mzee wa rika la baba yangu, mwambie hajui siku aliyozaliwa. Atakuvua nguo kwa maneno. Mwaka huenda hana, lakini siku anayo, tena ameikamata barabara. Na wengi wao pale kijijini walizaliwa mwezi mmoja, ule mwezi wa Septemba ambapo Wajerumani walipanda kutoka kusini wakaingia Kisii, na Waingereza wakarudi kuwatimua. Shuleni nilifundishwa kwamba ulikuwa mwaka wa 1914, na kitabu kikaupitia haraka haraka kama mtu anayeruka dimbwi.

Sisi hatukuupitia haraka. Mwezi ule ulikuwa na mambo matatu na kila mtoto aliitwa kwa jambo lililotokea siku aliyozaliwa. Kwanza mzinga ulilia kwenye vilima vya karibu na mji, ukasikika hadi kwetu. Kisha watu wakaona mji hauna mwenyewe, wakashuka kwenye maduka ya Wahindi na kwenye misheni, wakabeba nguo, chumvi, masufuria, hata milango. Mwisho Waingereza wakarudi na askari, wakaswaga ng'ombe zetu kuwa adhabu. Basi hata miaka ya sitini, siku ya soko kule Nyaramba, ungewasikia wazee wazima wakitaniana: "Nyamaza wewe, mtoto wa nguo! Mzinga ulipolia mimi nilikuwa nanyonya." Wanacheka, wanapigana mabega, wanaendelea na ndizi zao.

Nyumbani kwetu jambo hilo halikuchekwa.

Babu yangu alikuwa na wake wawili. Nyanya yangu alikuwa mke mdogo, na baba yangu ndiye mwanawe wa kwanza. Mke mkubwa naye alikuwa na mwanawe wa kwanza wa kiume, na wote wawili walizaliwa mwezi ule ule. Mimi wakati huo sikujua kama yule mzee nimwite baba mkubwa au baba mdogo, na hapo ndipo shida yote ilipokuwa. Kila nyumba ilikuwa na mashamba yake, hayo hayakuwa na ugomvi. Lakini babu alikuwa amejiachia shamba moja la bondeni, jeusi, lenye chemchemi, lisilo la mke yeyote. Alisema mbele ya watu kwamba akifa litakuwa la mwanawe aliyetangulia kuzaliwa. Akafa, na kwa miaka mingi watu wakalilima nusu nusu bila maneno makali. Kisha serikali ikaleta watu wa kupima ardhi, wakasema kila shamba lipate mwenyewe mmoja. Wacha wee! Ndugu waliokuwa wakiazimana jembe wakaanza kupishana njiani kama hawajuani.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kebirigo, binti ambaye hajaolewa na mwenye mdomo, na nilikuwa nyumbani kila wikendi. Niliyaona yote.

Baba alisema yeye ni wa mzinga na mwenzake ni wa nguo. Mzee wa nyumba kubwa alisema la, ni kinyume. Mama yake, yule mke mkubwa, alikuwa ameshafariki. Aliyebaki hai aliyeshuhudia watoto wote wawili wakizaliwa alikuwa nyanya yangu peke yake, na nyanya hakuyumba hata kidogo. Alisimulia hivi, na nimemsikia akisimulia mara nyingi bila kubadilisha neno. Uchungu ulimshika wakiwa wamejificha kwenye migomba, mzinga ukilia. Aliyemshika mikono na kumpokea mtoto alikuwa mke mwenzake, naye tumbo lake likiwa mbele kama chungu. "Alinifinya mdomo nisipige kelele," nyanya alikuwa akisema. "Yeye mwenyewe alikuwa akitetemeka." Baadaye babu akatoka mjini na jora la nguo begani, na mtoto wa mke mkubwa akafungwa katika nguo ile mpya akiwa bado na ute wa kuzaliwa. Wa kwetu alikuwa amefungwa katika ngozi, kwa sababu nguo haikuwa imefika. Unataka ushahidi gani tena?

Wazee wa ukoo wakautaka. Walisema maneno matupu ya mama kwa mwanawe hayatoshi, mama gani atamwangusha mwanawe? Wakataka kiapo. Sisi tunakiita emuma. Mtu anashika mti wa omotembe na kutamka kwamba akisema uongo, kifo kiingie nyumbani mwake. Na kifo hicho hakimchukui yeye, hapana. Kinachukua watoto na wajukuu, mmoja mmoja, mpaka ukweli usemwe. Ndiyo maana hata walevi wakubwa hawakuthubutu kuchezea mti ule.

Nyanya alikataa. Alikuwa mtu wa Sabato tangu ujana wake, amebatizwa mtoni, na kanisa letu pale mlimani halikutaka hata kusikia habari za omotembe. "Ndiyo yangu ni ndiyo," alisema. "Anayetaka aamini, asiyetaka aache."

Aliyemgeuza ni baba. Na baba alikuwa mzee wa kanisa! Mimi nilikuwapo jikoni nikipika ugali wa wimbi, nikamsikia akimbembeleza mama yake kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mama, kama unajua ni kweli, unaogopa nini? Ukikataa watasema nimedanganya mimi." Nilitamani kuingilia lakini mama yangu alinikazia macho. Nyanya akasema, "Sawa. Lakini ukumbuke ni wewe uliyenituma."

Akaenda. Alishika mti mchana kweupe mbele ya ukoo mzima, kikongwe amejifunga leso yake ya kanisani, akasema mwanawe ndiye wa mzinga. Shamba la bondeni likapimwa kwa jina la baba. Kanisani wakamwondolea nyanya ushirika, akawa anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na siku ya meza ya Bwana anatoka nje. Baba alikuwa akikaa mbele. Kwa hasira niliyokuwa nayo Jumamosi hizo sikuweza kuimba.

Kisha ikaja malaria. Wanaojua milima yetu wanajua mvua ndefu ikikatika huleta nini. Kaka yangu aliyenifuata alikuwa amerudi likizo kutoka sekondari, kijana mrefu, mcheshi, aliyekuwa akimwigiza kila mtu hata mchungaji. Alianza kuumwa kichwa, tukampa vidonge. Siku iliyofuata alikuwa hamtambui hata mmoja wetu. Tulimpakia kwenye lori la majani ya chai kumpeleka mjini, kichwa chake mapajani mwangu, na tulipofika karibu na Daraja Mbili nikahisi amekuwa mzito. Sikumwambia mama. Nilimwacha mama aendelee kumpepea mpaka lori likasimama.

Malaria ilichukua watoto wengi mwaka ule. Nyumba tatu jirani zilikuwa na matanga na hakuna hata mmoja wao aliyeshika mti wowote. Nilisema hivyo, nikarudia mchana na jioni, lakini nani alinisikiliza? Kaburini kwenyewe, udongo haujakauka, nilisikia mwanamke akimnong'oneza mwenzake: "Emuma hiyo. Kikongwe alidanganya." Kabla ya matanga kuisha kijiji kizima kilikuwa kimeshakata kesi. Wakristo na wasio Wakristo, wote. Watu waliokuwa wakiimba na sisi kila Sabato wakawa wakimwangalia nyanya kwa jicho la pembeni, na wanawake wakawaondoa watoto wao alipopita.

Nilidhani angalau baba atasimama naye. Yeye ndiye aliyemtuma! Lakini baba alikuwa na watoto wengine watano, na usiku alikuwa akizunguka kuwagusa vipaji vya nyuso kuona kama wana moto. Asubuhi moja alivaa koti lake, akavuka kijito, akamwita mzee wa nyumba kubwa na wazee wa ukoo. Akamwambia mwenzake mbele yao, "Shamba ni lako. Chukua. Watoto wangu waachwe."

Ndivyo alivyosema. Na kwa kusema hivyo alimwambia kila mtu kwamba mama yake ni mwongo aliyemuua mjukuu wake.

Nyanya aliambiwa na majirani. Baba alipopita uani nyanya alimwita, na baba akasimama mbali, kofia mkononi. Nyanya akamuuliza, "Mwanangu, umeniona mimi nikidanganya?" Baba akasema, "Mama, hebu tuyaache." Akaenda zake. Tangu siku ile hakukanyaga tena mlangoni kwake. Alimpelekea kuni na unga kwa mikono yetu, hilo sitamnyima, lakini yeye hakwenda. Na nyanya kila jioni alikuwa akisogeza kiti kimoja zaidi karibu na moto. Nilipomuuliza cha nani, alinikemea.

Miaka ikapita, tukaingia ya sabini. Mzee wa nyumba kubwa alipanda chai bonde zima, akajenga nyumba ya mabati. Siku moja nilimkuta Kebirigo katika hoteli ndogo, ameagiza chai na mandazi, peke yake, hana pombe hata tone. Akaniita kwa furaha, "Mwalimu! Njoo nikununulie chai, binti yangu." Nikakaa, lakini mimi si mtu wa kumumunya maneno. Nikamwambia kwamba nyanya yangu anazeeka akiitwa mwongo, na kama ana huruma aseme jambo moja la heri juu yake kabla hajafa.

Akachovya andazi. Akalila. Kisha akasema, bila aibu, kama mtu anayetaja bei ya viazi, "Nyanya yako hakudanganya. Mama yangu aliniambia kabla hajaaga. Yeye ndiye aliyempokea baba yako, na mimi nikiwa bado tumboni."

Nikamuuliza, "Ulijua? Siku zote ulijua?"

"Nilijua. Lakini mtu akikuletea shamba mwenyewe, mkononi, utakataa? Wewe ungekataa?"

"Basi njoo umwambie baba! Twende sasa hivi!"

Akatikisa kichwa. "Watoto wangu walime wapi, mwalimu? Mimi sikushika mti. Sikumroga mtu. Kunywa chai, inapoa."

Sikunywa. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii mzee, na watu wa hoteli wakageuka, na sikujali. Nilitembea njia yote hadi nyumbani nikiongea peke yangu. Nilianzia kwa nyanya. Nilidhani atalia, atamshukuru Mungu. Aliendelea kuchambua mboga zake. "Mimi nilijua nilichokiona," alisema. "Si mimi wa kuambiwa. Nenda kamwambie baba yako."

Baba alikuwa akipogoa migomba nyuma ya nyumba. Nikamweleza yote, neno kwa neno, hata andazi. Sikumficha kitu. Alisikiliza panga likiwa limening'inia mkononi. Nilikuwa na hakika, kweli kabisa, kwamba atalitupa chini na kukimbia hadi kwa mama yake. Ni hatua chache tu, moshi wake tulikuwa tukiuona.

Hakwenda. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu ninayemtisha. Nikamwambia tena, "Baba, nyanya alisema kweli. Hakuna emuma iliyotupata. Hakuna."

"Na mwanangu?" akaniuliza. "Kama mama hakudanganya, mwanangu alikufa kwa nini?"

Nikafungua mdomo niseme malaria. Neno lenyewe nililijua, nilikuwa nikiwafundisha watoto darasani, pamoja na mbu wake na maji yake yaliyotuama. Nikamtazama, nikashindwa kulitoa. Baba akageukia mgomba wake akaendelea kukata, na nyanya akafariki mvua zilipoanza, kabla baba hajamwendea.