Kitambaa Cheusi Nilichompelekea Shangazi Iringa

Shangazi Mwanaidi alikuwa ameacha kupokea wageni. Habari hiyo ndiyo iliyonitoa Ilomba, Mbeya. Kidonda cha kisukari mguuni kilikuwa kinanuka, na yeye, aliyeuza vitenge sokoni Iringa miaka yote, alijifungia chumbani kwa aibu.

Sikwenda mikono mitupu. Mimi nilijisomesha India kwa kubeba mizigo maghalani, nikarudi na stashahada ya kemia, na kitambaa nilichobeba nilikitengeneza mwenyewe: mkaa ulioamilishwa, wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, uliopakwa chembe ndogo mno za madini ya fedha. Mkaa hunasa harufu, madini huua bakteria. Mbeya nzima simjui mwingine awezaye.

Njiani, pale Nyololo, tulikuta mvua na ukungu. Jirani yangu kwenye basi aliuliza kama kitambaa hicho kinaponya. Nilimweleza mpaka akasinzia.

Iringa nilifika jioni. Muuguzi anayemfunga shangazi kidonda alikikagua kitambaa, akakiweka juu ya dawa zake, lakini akasisitiza kwamba lazima shangazi aende hospitali kesho yake, kwa sababu damu haifiki vizuri kwenye vidole. Nami nilisema hivyo hivyo.

Asubuhi harufu ilikuwa imekwisha. Majirani waliingia, wakanywa chai pembeni mwa kitanda, wakamtania kwamba alikuwa anajitafutia likizo tu. Binti yake, Zuhura, akampigia simu dereva aliyekuwa ampeleke hospitali, asije.

"Kaka, umemponya," aliniambia.

Nilimweleza kwamba mkaa umenasa harufu tu, mguu bado ni mgonjwa. Shangazi akanikatiza.

"Mwanangu, tangu lini sijakaa na watu? Niache kwanza."

Wiki haikuisha, homa ikampanda. Hospitalini walimkata mguu juu ya goti.

Nilipokwenda kumuaga alikuwa amegeukia ukutani.

"Nanuka?"

"Hapana, shangazi."

"Basi mwambie Zuhura awaruhusu waingie."

Njia ya kurudi niliiona ndefu, misitu ya misonobari ya Mufindi imelowa. Kitambaa changu kilifanya kazi yake yote, hilo nitalisema popote. Lakini nyumba ile ilikuwa ikiupima mguu kwa pua, na mimi nikawaondolea kipimo chao. Sasa kila ninayempa namwambia, kabla sijamwonyesha kinavyofungwa, kwamba harufu ikiisha asifurahi. Aende hospitali siku hiyo hiyo.