Mfagiaji aliyegonga kila mlango kabla ya fataki

Saa kumi na moja alfajiri, viwanja vya Mnazi Mmoja bado havijaamka sawasawa. Nasma Shomari, mwenye umri wa miaka 44, anainama na kuokota kipande cha karatasi kilichoungua pembeni. Anakigeuzageuza kwenye mwanga wa taa ya barabarani. Kina rangi ya kijani.

"Hii ya kijani ilikuwa ipi?" anamuuliza mlinzi, Hashimu, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki na kikombe chake cha kahawa.

"Ile iliyochanua juu kama mnazi," anajibu Hashimu. "Lakini dada Nasma, si ulikuwepo jana? Nilikuona kwa macho yangu."

"Nilikuwepo," anasema Nasma. Anacheka peke yake, anarudi kwenye ufagio.

Kwa miaka kumi na minne Nasma amekuwa mfagiaji wa mtaa mmoja mfupi unaokatiza Msimbazi, Kariakoo. Hutoka kwake Gongo la Mboto saa tisa na nusu, ili maduka yakifunguliwa kazi iwe imekwisha. Hulipwa shilingi 180,000 kwa mwezi, na humo ndimo zinamotoka kodi ya chumba, nauli na ada ya binti yake, Huda, anayesomea ushonaji. Leo ameongezewa kona hii ya Mnazi Mmoja, kwa sababu jana wafanyabiashara wa mtaa wake walipiga hapa fataki za kuukaribisha mwaka mpya.

Msomaji atauliza: mwaka mpya gani huo, tarehe kumi na nane Desemba? Elisaria, mwenyekiti wa kamati ya wafanyabiashara hao na muuzaji wa jumla wa vyombo vya plastiki, analijibu swali hilo bila aibu yoyote.

"Ndugu mwandishi, nusu ya kamati ni Wachaga," anasema. "Ikifika tarehe ishirini utatutafuta kwa tochi Kariakoo hii, wote tuko kwetu Moshi tunachinja kwa ajili ya Krismasi. Sasa tusubiri tarehe thelathini na moja, fataki apige nani? Na mchango tumetoa sisi!"

Basi tarehe ikapangwa hiyo, saa mbili na nusu usiku, ili majirani Waislamu wawe wamemaliza sala ya Isha. Kibali kikapatikana, mafundi wa fataki wakapatikana. Likabaki jambo ambalo Elisaria alilipenda kuliko yote: iwe siri. Alitaka watu wakae zao kwenye vibaraza, ghafla mbingu ziwake.

Siri hiyo Nasma aliijua kabla ya wengi. Kamati hukutana asubuhi mbele ya duka la Elisaria, wakati yeye anamalizia kufagia.

"Mfagiaji haonekani," anasema akitabasamu. "Watu wanamaliza siri zao zote, mimi nawafagilia miguuni. Lakini siku ile nilisimamisha ufagio. Nikawaambia, shikamooni wakubwa, naomba niseme neno. Usiku wa mwaka mpya kila mtu anategemea mshindo. Tarehe kumi na nane hakuna anayetegemea. Mtu akisikia puu, hatasema fataki. Atasema bomu, atabeba mtoto akimbie."

Alikuwa anasema analolijua. Usiku wa Februari 2011, mabomu yalipolipuka katika ghala la jeshi Gongo la Mboto, Nasma alikimbia pekupeku, kamshika mkono Huda, wakati huo ana miaka mitano. Maelfu ya watu walikuwa wanakimbilia mjini gizani. Mahali fulani njiani umati ulisukumana, na mkono wa mtoto ukamponyoka.

Alimtafuta siku mbili. Alikwenda mpaka Uwanja wa Uhuru, walikokusanywa watoto waliopotezana na wazazi. Huda hakuwepo.

Kumbe kuna mtu, mpaka leo hajulikani, aliyembeba mtoto hadi Kariakoo na kubisha hodi kwenye nyumba ya kwanza aliyoona taa. Ilikuwa ya Bi Fakhriya, muuza vitambaa. Bi Fakhriya alimpokea mtoto, akamwogesha, akamlaza na wanawe. Mumewe, marehemu Hamood, alipeleka jina la mtoto msikitini, na kila baada ya sala likatangazwa.

"Siku ya tatu napita Msimbazi, sijala, sijui hata naenda wapi," anasimulia Nasma. "Nikasikia kwenye spika ya msikiti: Huda, binti wa Nasma wa Gongo la Mboto, yupo salama. Nilikaa chini palepale barabarani. Mwenye mkokoteni akanitukana, nikamwambia ahsante."

Miezi michache baadaye aliomba kazi ya ufagio kwenye mtaa huohuo. Tangu hapo, kila alfajiri huanza na kizingiti cha Bi Fakhriya. Mwenye kizingiti sasa ana miaka 73, magoti yamechoka, na shukrani hataki kuzisikia.

"Mtoto kala wali wangu siku mbili," anasema Bi Fakhriya kutoka dirishani ghorofa ya kwanza. "Huyu mama kanifagilia mlango miaka kumi na minne. Sasa hapo nani amshukuru mwenziwe?"

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka. Gurudumu likipasuka, Nasma hudondosha ufagio. Kila mkesha wa mwaka mpya hufunga dirisha, hufungulia redio mpaka mwisho, na kumlaza Huda upande wa ukutani, hata sasa ambapo binti amempita kimo. Mama na mwana hawakuwahi kutazama fataki hata mara moja.

Elisaria anakiri kosa lake. "Tarehe nimeisogeza mimi kwa ajili ya safari yetu, halafu nimesahau kwamba watu wengine hawana kalenda ya Moshi. Nikamwambia, mama Huda, siri imekufa. Wewe unaijua milango yote, katangaze."

Kwa asubuhi tisa Nasma alifagia na kugonga. Alimwambia mama mwenye mtoto mchanga, akamwambia mzee mwenye shinikizo la damu, akawaambia wachukuzi wanaolala kwenye maboksi. Fortunata, mama lishe, akawa anaigawa habari pamoja na sahani za ugali. Muhiddin, mtoto wa Bi Fakhriya, aliipeleka msikitini, na spika ileile iliyomtaja Huda ikatangaza: Alhamisi baada ya Isha kutakuwa na fataki, watu wasiwe na wasiwasi.

Siku moja kabla, Huda alimwuliza mama yake swali. "Mama, watu wote umewaambia wasiogope. Na wewe je?"

Jana jioni Nasma alivaa baibui lake jipya, akasema, "Haya, twende."

Mshindo wa kwanza ulipolia, hakuna aliyekimbia. Watoto walipiga vigelegele, wazee walitoka vibarazani wakiwa wamejiandaa, na Bi Fakhriya alikaa dirishani mwake akipiga makofi kama yuko harusini. Nasma alikuwa kwenye ukingo wa uwanja, mkono wa Huda ndani ya mkono wake.

"Alinibana mpaka vidole vikafa ganzi," anasema Huda. "Nikamwambia, mama, unaniumiza. Akaniambia, vumilia."

"Mwaka ule mkono huu uliniponyoka," anasema Nasma. "Jana sikuuachia. Nawashukuru wote, kamati, msikiti, Bi Fakhriya, na yule aliyembeba mwanangu, popote alipo. Namwombea kila siku."

Kisha anamsogelea mwandishi na kushusha sauti ili Hashimu asimsikie. Dakika zote kumi na mbili, anakiri, alikuwa amefumba macho. Hakuona fataki hata moja.

Kamati imeshamwingiza kwenye orodha yake: mwakani atashika matangazo, na kiti cha Bi Fakhriya kitateremshwa mpaka uwanjani. Yeye mwenyewe ana mpango mwingine, mdogo. Anakikunja kile kipande cha karatasi, anakiweka mfukoni mwa koti lake la kazi.

"Mwakani, Mungu akipenda, nitafumbua hata jicho moja," anasema. "Nianze na hii ya kijani."