Mama amekataa kuingia kwa gari yangu

Leo mama yangu mzazi amekataa kuingia kwa gari yangu, na makosa ni yangu.

Mnajua ilikuwa nyeupe. Juzi nikaipeleka kwa fundi huko Majengo ikapakwa ile rangi ya kinyonga. Ukisimama huku ni kijani, ukizunguka ni zambarau. Nikajiona kijana.

Sasa, mama haoni vizuri. Kila Jumapili husimama kando ya barabara hapo Giakanja, nimbebe twende kanisa. Asubuhi nikampigia simu nikamwambia, "Maitu, leo ngoja gari ya kijani."

Nikafika, nikasimama mbele yake, nikapiga honi.

Mama akamuuliza mwenye kuuza ndizi hapo kando, "Hiyo ni ya kijani?"

"Hapana shosho, hiyo ni zambarau."

Mama akageuza uso.

Nikashuka nikicheka, nikamshika mkono. Akaruka.

"Wachana na mimi. Nangojea kijana yangu."

Watu wa boda wakaanza kuniangalia vibaya.

"Maitu, ni mimi."

Akapapasa mlango ya gari polepole.

"Kwani ile ingine uliuza?"

"Ni hiyo tu. Nimebadilisha rangi."

"Haya. Ni sawa."

Akaingia, tukaenda. Karibu na kanisa ndio akasema, "Ile nyeupe nilikuwa naiona ikitoka kwa kona."

Zile picha za rangi mpya mlinisifu nazo jana nimetoa.

Mwenye anajua fundi wa kurudisha nyeupe haraka aniambie. Jumapili ijayo atakuwa amesimama hapo tena, akiangalia kona.