Mtama wa Ng'ambo ya Mto

Juzi juzi nilivuka daraja la Malaba na kikapu changu mkononi, na hakuna aliyenisumbua. Upande wa Kenya nilinunua unga wa mtama, na nilipounusa, rafiki yangu, nikawa tena mtoto wa Mella, upande wetu wa Uganda, nyumbani kwa bibi, machozi yakanilengalenga mbele ya muuzaji.

Bibi alikuwa na mashamba mawili. La nyumbani lilikuwa la mchanga, na chifu aliamuru lote liwe pamba. Alipita mwenyewe kukagua, na aliyeng'oa pamba apande muhogo alichapwa viboko. Pamba hailiki, kwa hiyo chakula chetu kilitoka shamba la pili, lenye udongo mweusi, ng'ambo ya mto wa mpakani, upande wa Kenya, ambalo bibi alipewa na kaka yake zamani. Tulikuwa tukivuka kwa miguu, maji magotini na jembe begani, viazi vya kuchoma vikitungoja kikapuni.

Mwaka mmoja wa utawala wa wanajeshi, mtama ukiwa umeanza kukomaa, askari walipiga kambi ukingoni. Walisema wanazuia magendo ya kahawa. Bibi alipoingiza mguu majini, mmoja wao alimwambia, "Mama, rudi. Wewe nakwenda ng'ambo, mimi napiga risasi."

Basi tukaulinda mtama tukiwa upande wetu. Kwetu ndege hufukuzwa kwa donge la udongo lililobandikwa kwenye ncha ya fimbo. Ukiipunga kwa nguvu, donge linaruka mbali. Sisi wajukuu tulirusha mpaka mabega yakauma, lakini madonge mengi yaliishia mtoni. Tukapiga makopo, askari wakatukataza, wakidhani tunawapa ishara watu wa magendo. Ikawa ni kukaa na kutazama ndege wakila chakula chetu. Niliwachukia wale ndege kuliko nilivyowachukia askari. Jioni tulikunywa uji mwepesi, na pamba imetuzunguka nyumba nzima, nyeupe, haina faida kwa tumbo la mtoto.

Asubuhi moja jirani wa ng'ambo, mwanamke aliyezoea kusaidiana na bibi kupalilia, alikuja kuchota maji. Bibi alimwita. Siku zote walizungumza Kiteso, lakini siku hiyo alisema Kiswahili, lugha ya askari, wasije wakadhani anapanga biashara.

"Vuna yote," alisema. "Mtama ni yako sasa. Usiachie ndege."

Jirani aliweka mtungi chini akalia. Bibi hakulia. Alichukua jembe lake akaenda kupalilia pamba.

Hakuvuka tena. Utawala ule ulipoanguka alikuwa ameshazikwa, na jirani alikuwa ameendelea kulilima shamba. Simlaumu, maana ardhi isiyolimwa hurudi kuwa pori. Siku ile ya unga nilifika hadi pale. Wamepanda mahindi, mazuri kweli. Wajukuu wa jirani yule wakanipa kiti na chai, wakaniuliza kwa adabu kama mimi ni mgeni sehemu hizi.

Nikawajibu ndiyo.