Siku Niliyoombewa kwa Sababu ya Laptopu

Mtu akinisifu leo (na wananisifu, siwezi kudanganya, maana maofisi mengi kutoka Lavington hadi Dagoretti nyaya zao zimepitia kwenye mikono hii) mimi hucheka kidogo tu na kubadilisha mazungumzo, kwa sababu kuna akina mama pale Riruta ambao hadi leo wakiniona hunishika mkono na kuniuliza kwa sauti ya huruma kama lile jambo liliwahi kunirudia. Wacha niwaambie ni jambo gani, niaibike mara moja tuishe.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kidogo, wakati kompyuta ya ofisi ilifunikwa kitambaa jioni kama kochi la wageni, na mtu mwenye simu ya rangi aliiweka juu ya meza ili nyinyi wengine mjue. Mimi niliacha shule darasa la saba, nikatengeneza redio, nikahamia televisheni, kisha nikaona upepo unaelekea wapi nikajifunza kompyuta kwa kufungua zile zilizotupwa, peke yangu, bila cheti cha mtu. Nilikuwa na duka katikati ya mji, ghorofani, nusu langu na nusu la jamaa wa kuuza kava za simu, na humo nikaunganisha mashine zangu kwa waya na kuzipa namba, kwa maana mashine zikiunganishwa kila moja lazima iwe na namba yake, kama milango ya nyumba za kupanga kwenye ploti moja. Laptopu yangu ya kwanza maishani, mtumba lakini inang'aa, niliipa namba moja. Kwani ningeipa ngapi?

Sasa, Muthangari kulikuwa na kliniki ya meno ya daktari mmoja mama, mpole lakini hana mchezo, na kompyuta zake ni mimi niliziunganisha. Kadi zote za wagonjwa zilikaa ndani ya mashine moja chumbani kwake, tuliyoiita mama, na ile ya mapokezi na ile ya malipo zilikuwa zinanyonya kutoka kwake. Na huyo mama wa mashine, bila shaka, alikuwa namba moja wa pale. (Kama umeshaona ninakoelekea, nyamaza, wacha wengine wafike.)

Asubuhi moja Daktari akanipigia kwamba mapokezi haioni kadi, na kabla hajakata simu akaniambia anafungua kliniki nyingine karibu na Kenyatta Market, vijana fulani wa digrii wameshaleta bei yao, lakini nije kwanza tuone. Nikaelewa. Kazi hiyo ndiyo ingenitoa kwenye nusu duka, na nikiharibu leo, nitazeeka nikisikiliza habari za kava za simu.

Kufika, shida yenyewe haikuwa shida. Waya ulikuwa umebanwa na mlango, nikaukata, nikaufunga kichwa kipya, kadi zikarudi, Wambui wa mapokezi akaniambia asante. Ningebeba mkoba nikaenda zangu saa hiyo, hadithi ingeishia hapo. Lakini chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa watu wa heshima, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona laptopu yangu. Nikamwambia Wambui kwa sauti ya kufika benchi la nyuma kwamba lazima nipime mwendo wa kadi (hakuna kitu kama hicho), nikaitoa polepole, nikaifuta vumbi ambalo halikuwepo, nikaichomeka kwenye kisanduku ambamo nyaya za mashine zote zilikutana. Pembeni ya kioo kikatokea kiujumbe cha Kiingereza. Nikakifunga bila kusoma, kama unavyofukuza nzi.

"Fundi, zimepotea tena," Wambui akasema.

Nikazima mama, nikamwasha, akaamka bubu. Nikakagua kila waya, nikapangusa kijasho, nikasema labda ni kichwa cha waya kibovu, wacha nichukue kingine kwenye gari, na kwa kuwa sikuwa mtu wa kuacha laptopu yangu ovyo, nikaichomoa nikaenda nayo. Nikarudi nikakuta Wambui amezima na kuwasha tena na kadi zote zipo. Nikafurahi, nikachomeka laptopu nihakikishe. Zikapotea. Daktari akatoka na glavu mkononi akaniuliza kama kuna tatizo, nikamjibu ni hali ya hewa. Nikaenda tena kwenye gari na mkoba wangu, mambo yakawa sawa, nikarudi, yakaharibika, hadi soja wa getini akaanza kunifungulia kabla sijafika, na kwenye benchi watu waliokuwa wananitazama kwa heshima sasa walikuwa wananitazama kama mtu anayekohoa kwenye harusi.

Wa kwanza kulisema ni Mama Ndunge, shemasi wa kanisa moja la Riruta, shavu limevimba kama andazi, anaongea kwa upande mmoja wa mdomo.

"Daktari, umeona? Huyu kijana akitoka, inafanya. Akiingia, inakufa. Hii kitu inamfuata yeye."

Nikacheka. Hakuna aliyecheka nami. Mzee mmoja hata akasogeza simu yake mbali nami. Mama Ndunge akaniambia, "Kuja hapa, mwanangu. Weka huo mzigo chini," na mimi, jeuri wa mji mzima, nikachomoa laptopu nikaitia mkobani, nikauweka mkoba kwenye benchi, nikapiga magoti kati ya magazeti ya zamani na ndoo ya maua ya plastiki, nikawekewa mikono na watu wenye maumivu ya meno, wakakemea kila roho ifuatayo mashine. Wambui akazima na kuwasha. Kadi zikarudi. Nikaingia chumbani kwa Daktari mikono mitupu, nikasimama karibu kabisa na ile mashine mama, zikabaki. Benchi lote likasema Amina.

Hapo ndipo nikauangalia ule mkoba kwenye benchi. Nikakumbuka kile kiujumbe nilichofukuza. Namba moja wawili kwenye ploti moja, barua hazijui ziingie mlango upi. Masikio yakanichemka. Na nikafanya nini? Nikasema Amina, kwa sauti kuliko wote.

Mama Ndunge akaniambia Jumapili nitaenda kushuhudia. Daktari akanitazama, akautazama mkoba, akasema, "Hata mimi nitakuja nisikie, Fundi."

Kanisa lilikuwa la mabati, pale Riruta, nje kidogo ya barabara ya Naivasha, limejaa hadi mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, lakini nilipomwona Daktari ameketi benchi la mbele, na Mama Ndunge, uvimbe umeisha, ananitabasamia kama mama aliyenizaa, uongo ukakataa kutoka.

"Halikuwa pepo," nikasema. "Ilikuwa ni mimi. Nilikuja na kitu changu nikakifanya namba moja, mahali ambapo namba moja alikuwepo tayari."

Kanisa likalipuka Amina. Nikainua mkono niwaeleze vizuri, kwamba ninasema laptopu, kwamba kila kitu kiliharibika kwa sababu ya majivuno yangu ya kutaka kuonekana, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kupiga makofi, mama mmoja akalia, kinanda kikaanza, nikashushwa jukwaani kwa wimbo. Mpaka leo sijawahi kuwa mkweli namna ile mbele ya watu, na hakuna aliyenisikia.

Isipokuwa mmoja. Daktari aliningoja mlangoni.

"Hiyo laptopu yako sasa ni namba ngapi?"

"Nimeipa ya mwisho kabisa, Daktari."

"Basi kuja Jumatatu Kenyatta Market. Na uiache nyumbani."

Nilienda na bisibisi na kipima waya tu, na kazi ile ndiyo iliyoninunulia duka zima. Ile kliniki ya Muthangari siku hizi ni ghorofa, na Mama Ndunge tulimzika tukiimba, nami nikiwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Nina vijana wananifanyia kazi sasa, wana digrii, huniuliza kwa nini kila ofisi tunayounganisha mashine yangu mimi mwenye kampuni inapewa namba ya mwisho. Nawaambia wachomeke waya. Tena wasome kile kiujumbe kabla ya kukifunga.